Maji Yaliingia Yenyewe

Kikombe tulikipata Nanenane, mwaka ule wa mvua nyingi,
kikawekwa juu ya kabati la mafaili
na hakikushuka tena.
Mgeni akiingia ghalani kwetu, nyuma ya stesheni ya Tabora,
alionyeshwa kikombe kwanza, asali baadaye.
Wengine waliondoka bila kuonyeshwa asali.

Mimi ndiye karani wa mapokezi, Mihayo Kasanda,
miaka kumi na tisa na kalamu iliyofungwa uzi mezani.
Pipa likija kutoka Sikonge, kutoka Ipole, kutoka Uyumbu,
nalipiga konzi: ngo.
Likijibu zito, natia saini.
Kufungua kifuniko ni kumtilia mtu shaka,
na sisi ni ndugu.

Mwenyekiti Lugusha alikuwa na sentensi moja
iliyotosha mikutano yote:
"Asali ya Tabora haiombi utambulisho."
Tulipiga makofi. Soda zilikuja.
Ajenda ya mwisho, mengineyo,
ilipita kama haikuwapo.

Methali mnaijua, ya mgema na sifa zake.
Lakini naomba niseme ukweli wetu:
sisi hatukutia maji.
Hakuna aliyebeba ndoo usiku.
Maji yaliingia yenyewe,
kwa kifuniko kilicholegea msimu mmoja wa mvua
tukasema kitakazwa kesho,
kwa masega yaliyovunwa mabichi kwa sababu ada ya shule haingoji,
kwa mimi, na chai yangu, na konzi yangu.

Kisha mapipa mawili yakarudi na treni kutoka Dar,
yamevimba vifuniko kama mashavu ya mtu aliyebana kicheko.
Ubavuni, kwa chaki, mwandiko nisioujua:
IMECHACHA.
Na chini yake, kwenye lebo, saini yangu,
nzuri, yenye mkia.

Lugusha alisema ni reli. Joto la behewa.
Mwekahazina alisema ni wivu wa watu wa pwani.
Nami nilikuwa na yangu, tayari mdomoni,
ila Kalunde, binti wa vipimo, mwenye mwezi mmoja kazini,
alichovya kijiti, akapaka tone kwenye kioo cha kipima maji,
akanipa nichungulie.
Ishirini na tatu kwa mia.
Hakusema neno. Afadhali angesema.

"Yaliyobaki je?" nikauliza.
Tukafungua arobaini na moja hadi magharibi.
Sitasema ni mangapi.
Yameandikwa ubaoni, nendeni mkasome.

Maana ubao upo sasa,
tuliuomba shule ya Isevya walipopata mpya.
Kila Ijumaa kila mtu huandika kosa moja,
lake, si la jirani.
Ijumaa ya kwanza ulibaki mtupu hadi saa nane,
watu wakisoma kucha zao.
Nikasimama. Nikaandika: Sifungui vifuniko. Mihayo.
Chaki ilivunjika mara mbili.

Haikuwa uchawi. Mwaka mzima wa kwanza
tulibadili kitambaa cha kuchujia, basi.
Watatu walihama na asali yao, wakidai tunawadhalilisha.
Mmoja amerudi.
Nyanzala wa Uyumbu alitufundisha, sisi wa mjini,
kungoja nyuki wazibe sega kwa nta ndipo tuvune,
jambo ambalo, alisema, alilisema mkutanoni miaka sita nyuma,
kwenye mengineyo.
Nikatafuta muhtasari wa siku ile.
Sikuwa nimeliandika.

Juzi kipimo kilisoma kumi na saba,
na Lugusha, macho yaking'aa, akasema, "Sasa tumefika."
"Wapi?" akauliza Kalunde,
si kwa ufedhuli, bali kama abiria aliyeamka usingizini
asiyetaka kupitwa na kituo chake.
Hatukumjibu. Nje, behewa lilikuwa linangoja kupakiwa.

Kikombe? Kipo.
Kimeshuka. Tunawekea chaki.